Somo la 6: Mwamba Ngozi Huvutia Kwake

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Luka 24:13–35; Matendo 10; Matendo 15:1–31; Mwanzo 9:18–10:20; Kumbukumbu la Torati 23:15, 16; Danieli 8:14; Wagalatia 3:19–25.

Fungu la Kukariri: Matendo ya Mitume 17:11. Likariri kutoka katika Biblia unayoitumia. Angalia mambo mawili ambayo Luka anawasifia watu wa Beroya: jinsi walivyolipokea neno, na kile walichokifanya kila siku baada ya kulipokea.

Wazee wetu wanasema mwamba ngozi huvutia kwake. Anayewamba ngoma huvuta ngozi kuelekea pale aliposimama, na si lazima awe na nia mbaya. Sisi nasi tunapolifungua Neno la Mungu tuna mahali tuliposimama: lugha, kabila, umri, madhehebu tuliyokulia, mambo tunayoyatumaini na mambo tunayoyaogopa. Tukijua tusijue, tunavuta.

Mtu mmoja akivuta vibaya, wenzake watamwona na kumwambia. Hatari ni pale wote waliozunguka ngoma wanapovuta kuelekea upande mmoja. Hapo hakuna wa kusema kwamba ngozi imekwenda kombo, kwa kuwa kila anayetazama anaiona iko sawa.

Hatusemi kwamba Biblia haina maana moja, au kwamba kila msomaji ana haki ya maana yake. Kama ingekuwa hivyo, watu wa Beroya wasingekuwa na kitu cha kuchunguza. Juma hili tutaangalia jinsi Mungu alivyowasahihisha wasomaji wa kweli, waliompenda, na ambao bado walivutia kwao.

JUMAPILI
Tumaini Lililofumba Macho

Soma Luka 24:13–27. Wanafunzi hawa wawili walikuwa tayari na habari gani kuhusu Yesu? Ni kitu gani kiliwazuia kuzielewa?

Kleopa hakukosa habari. Msikilize akimwambia Yule Mgeni: Yesu alikuwa nabii mwenye uwezo, wakuu walimsulubisha, leo ni siku ya tatu, wanawake walikwenda kaburini alfajiri wakatokewa na malaika waliosema kwamba yu hai, na baadhi ya wenzetu wamekwenda wakaliona kaburi vile vile. Karibu injili yote imo kinywani mwake, na bado uso wake umekunjamana.

Kilichomzuia kimo katika mstari wa 21. Walikuwa wametumaini kwamba Yesu ndiye atakayewakomboa Israeli, na ukombozi walioutazamia haukuwa na nafasi ya msalaba. Ahadi za kiti cha enzi cha Daudi walizipokea. Isaya 53 nayo ilikuwamo katika maandiko yale yale, lakini haikuingia katika hesabu yao. Ndiyo maana karipio la Yesu katika mstari wa 25 lina uzito kwenye neno moja, "yote". Hakuwalaumu kwa kutowaamini manabii. Aliwalaumu kwa kuwaamini nusu.

Tazama pia jinsi alivyowasaidia. Angeweza kuwaonyesha mikono yake pale pale barabarani. Luka anasema macho yao yalifumbwa wasimtambue (mstari wa 16), na yakabaki hivyo mpaka mezani. Kwa muda wote wa safari walikuwa na Musa na manabii tu. Kama angeanza kwa kuwaonyesha uso wake, wangerudi Yerusalemu wakishangilia huku wakiendelea kusoma vile vile kama zamani. Luka hakutuandikia mafungu ambayo Yesu aliwaeleza, ingawa wengi wetu tungefurahi sana kuipata orodha hiyo. Ametuachia kazi ya kuyatafuta.

Chukua ahadi unayoipenda kuliko zote na usome kilichoandikwa kabla na baada yake. Chukua, kwa mfano, Yeremia 29:11, fungu tunaloliandika kwenye kadi za mahafali na za harusi. Sasa soma mstari wa 10. Ni miaka mingapi ilipaswa kupita kwanza? Wangapi kati ya wale waliosomewa barua hiyo Babeli walitarajiwa kuwa hai itakapotimia? Ahadi haijapungua, ila hatuwezi tena kuisoma kana kwamba inahusu mwezi ujao.

JUMATATU
Shuka la Yopa

Soma Matendo 10:9–16, 28, 34, 35. Petro mwenyewe anaeleza kwamba maono yake yalihusu nini?

Waadventista wengi tunaijua sura hii vizuri, maana ni mara nyingi tumeulizwa kuhusu nyama. Tunajibu kwa mstari wa 28, nasi tunajibu sawasawa: Mungu alimwonyesha Petro asimwite mtu yeyote najisi. Shida ni kwamba tukishamjibu jirani, tunafunga kitabu. Tumelitumia shuka kushinda mabishano ya jikoni, na swali lililolishusha hatujaliruhusu lituguse: ni nani ambaye mimi, ndani ya moyo wangu, namwona si wa kuketi naye meza moja?

Petro alikuwa ametembea na Bwana. Alikuwa amehubiri siku ya Pentekoste. Hata hivyo ilibidi shuka lishuke mara tatu, na baada ya hapo bado aliona shaka (mstari wa 17). Alikuwa na sababu za kidini, naye aliamini kwa unyofu kwamba anamtii Mungu.

Soma Matendo 15:1–21. Ni nani waliopewa nafasi ya kusema? Yakobo aliongeza nini ambacho Petro, Barnaba na Paulo walikuwa hawajakisema?

Mabishano hayakuwa madogo. Waumini wa madhehebu ya Mafarisayo walisimama na kutoa hoja yao (mstari wa 5), wala hakuna aliyewanyamazisha. Petro alisimulia ya Kornelio. Barnaba na Paulo walisimulia ya mataifa. Kisha Yakobo akafungua kitabu cha Amosi (Amosi 9:11, 12) akaonyesha kwamba manabii walikuwa wamekwisha kuyasema hayo. Ushuhuda wa wale waliotoka shambani uliwalazimisha kuuliza upya, na Maandiko ndiyo yaliyotoa jibu. Kama wangesimama kwenye ushuhuda peke yake, kila mwenye kisa kitamu angeweza kuleta fundisho lake. Kama wangekataa kuusikiliza, wangeendelea kupita juu ya Amosi kama walivyopita miaka yote.

Pamoja na hayo yote, Wagalatia 2:11–14 inaonyesha Petro yule yule akijitenga na meza ya mataifa kule Antiokia, kwa kuwaogopa watu fulani waliofika kutoka Yerusalemu. Alijua fundisho lililo sahihi, lakini akili yake ilipokwisha kukubali, miguu yake iliendelea kuvuta.

JUMANNE
Laana Ambayo Haikutamkwa

Soma Mwanzo 9:18–27 na 10:6–20. Ni nani aliyelaaniwa? Hamu alikuwa na wana wangapi, nao ni akina nani?

Wengi tuliokulia kanisani Afrika Mashariki tumewahi kusikia, pengine kwa bibi, pengine kwa mhubiri wa sokoni, kwamba sisi watu weusi ni wana wa Hamu na tuna laana. Wengine waliambiwa hivyo kwa huruma, kama maelezo ya umaskini wetu. Basi tusome polepole.

Nuhu alilewa. Hamu aliuona uchi wa baba yake akawaambia ndugu zake. Nuhu alipolevuka alitamka laana, na jina alilolitaja ni la mjukuu wake, Kanaani. Analirudia katika mstari wa 26 na wa 27. Hamu mwenyewe hakulaaniwa. Kushi, Misri na Putu, wana wa Hamu ambao Biblia inawahusisha na Afrika, hawatajwi kabisa katika laana. Mipaka ya Wakanaani imeandikwa katika 10:19, nayo ni Sidoni, Gerari, Gaza, Sodoma na miji ya jirani. Rangi ya ngozi haitajwi popote katika sura hizi. Tena aliyesema ni Nuhu. Fungu halisemi kwamba Mungu ndiye aliyenena.

Mtoto wa darasa la tano anaweza kuyaona hayo yote. Basi ilikuwaje wachungaji wasomi wa kusini mwa Marekani, katika karne ya 19, wasiyaone, wakafundisha kwamba Mwafrika alizaliwa kuwa mtumwa? Hawakukosa Biblia, na wengine walijua Kiebrania. Lakini mishahara yao, mashamba ya pamba ya washiriki wao, na desturi ya majirani wote vilivuta upande mmoja. Walizisoma nyaraka zinazowaagiza watumwa kutii. Kutoka 21:16, inayomhukumu kifo amwibaye mtu na kumwuza, waliipita.

Soma Kumbukumbu la Torati 23:15, 16. Fungu hili linaagiza afanyiwe nini mtumwa aliyemtoroka bwana wake?

Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowalazimisha raia kusaidia kuwarudisha watumwa waliotoroka. Mwaka 1859 Ellen G. White aliwaandikia waumini wetu kwamba sheria ya nchi inayowataka wamrudishe mtumwa kwa bwana wake wasiitii, na wawe tayari kubeba matokeo ya kutoitii. Biblia aliyoisoma ilikuwa ile ile waliyokuwa nayo wachungaji wa kusini.

Jambo hili lilifika kwetu pia, kwa mlango mwingine. Mwaka 1863 mpelelezi Mwingereza, John Hanning Speke, alichapisha kitabu cha safari yake ya kutafuta chanzo cha Nile. Katika utangulizi aliirudia hadithi ya laana ya Hamu ili kuieleza hali ya Waafrika. Lakini alipofika kwenye falme za Maziwa Makuu na kukuta utawala uliopangwa vizuri, hakuweza kuamini kwamba ni kazi ya wenyeji. Akabuni kwamba watawala wao walitoka Ethiopia, watu wa asili nyingine. Walioandika baada yake waliwaita Wahamiti, nao wakawahesabu kuwa bora kuliko majirani zao. Wakoloni walijenga juu ya wazo hilo. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho vya watu wa Rwanda. Baadaye wazo lile lile liligeuzwa kuwa silaha dhidi ya Watutsi: kama walitoka Ethiopia, basi ni wageni. Mwaka 1992 mwanasiasa mmoja alisema mkutanoni kwamba warudishwe huko kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 miili ya watu ilielea katika mto huo.

Rwanda ilikuwa nchi ya wasomaji wa Biblia. Watu waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia. Waadventista walikuwa miongoni mwa waliouawa, na pia miongoni mwa waliohukumiwa na mahakama kwa kushiriki.

Jina la Hamu lilitumika Marekani kumshusha mtu, na kwenye Maziwa Makuu kumpandisha mwingine na kisha kumfukuza. Mwanzo 9 haifundishi hata moja kati ya hayo. Ni maneno gani kuhusu kabila jingine umewahi kuyasikia yakivikwa fungu la Biblia? Je, uliwahi kulifungua fungu hilo mwenyewe na kulisoma mpaka mwisho?

JUMATANO
Neno Ambalo Hakuna Aliyeliuliza

Soma Danieli 8:14. Neno "patakatifu" lina maana gani hapa? Umejuaje?

William Miller alikuwa mkulima wa Low Hampton, jimbo la New York, aliyewahi kupigana katika vita ya 1812. Alianza kujifunza Biblia kwa bidii mwaka 1816, akiwa na Biblia yake na itifaki tu, akilinganisha fungu kwa fungu. Akikuta fungu gumu hakuliruka. Njia yake ilikuwa njema, nasi tunaitumia mpaka leo.

Lakini kulikuwa na neno moja alilolichukua kama alivyolikuta. Aliamini kwamba patakatifu ni dunia hii, na kwamba kutakaswa kwake ni moto wa kuja kwa Yesu. Wapinzani wake walibishana naye juu ya miaka na juu ya siku. Ni wachache waliosimama kuuliza kama Biblia imewahi kuiita dunia patakatifu. Tarehe 22 Oktoba 1844 ilipopita, waliomtazamia Bwana walilia mpaka alfajiri.

Baadhi yao, akiwamo Hiram Edson, hawakuitupa Biblia wala hawakuharakisha kuweka tarehe nyingine. Walirudi kwenye neno lile ambalo halikuulizwa. Walisoma Mambo ya Walawi na Waebrania 8 na 9, wakaona patakatifu pa mbinguni na Kuhani Mkuu anayehudumu humo. Mwaka 1846 matokeo ya kujifunza kwao yalichapishwa. Tumezaliwa kutoka katika kosa lililokubaliwa. Inapasa tulikumbuke hilo kila tunapojiona kwamba sisi hatuwezi kukosea.

ALHAMISI
Minneapolis, 1888

Soma Wagalatia 3:19–25. Torati ambayo Paulo anaiita kiongozi wa kutuleta kwa Kristo ni ipi: amri kumi, au torati ya kafara na sherehe?

Swali hili liliwagawanya ndugu zetu vibaya. Katika kikao cha Konferensi Kuu kule Minneapolis, Oktoba na Novemba 1888, E. J. Waggoner alifundisha kwamba Paulo anahusisha sheria ya maadili. G. I. Butler, aliyekuwa mwenyekiti wa Konferensi Kuu, alikuwa ameandika kitabu kizima mwaka 1886 kutetea kwamba ni torati ya sherehe. Butler alikuwa mgonjwa, hakuhudhuria. Alituma telegramu akiwasihi wajumbe wasiziache alama za zamani.

Kwa nini fungu moja liwe zito kiasi hicho? Fikiria mwaka wenyewe. Mwezi Mei Seneta Henry Blair alikuwa amepeleka bungeni muswada wa sheria ya Jumapili kwa taifa zima. Kwa miaka mingi wahubiri wa madhehebu mengine walikuwa wakiitumia Wagalatia 3 kudai kwamba amri kumi, pamoja na Sabato, zimekoma. Viongozi wetu walihofu kwamba wakikubali tafsiri ya Waggoner watampa adui upanga. Hofu ile ilitokana na kuipenda kweli, na bado ilikuwa hofu. Mtu akiogopa jinsi adui atakavyolitumia fungu, hawezi tena kusikia Paulo anasema nini.

Walibishana pia juu ya pembe kumi za Danieli 7. Uriah Smith alifundisha kwamba mojawapo ni Wahunni, A. T. Jones alisema ni Waalemani. Inasimuliwa kwamba Jones alisema mbele ya wajumbe kwamba yeye asilaumiwe kwa yale ambayo Mzee Smith hayajui, na kwamba Ellen White alimkemea pale pale. Kwa siku kadhaa wajumbe walitaniana kuhusu upande wa nani ni upi, kama washabiki wa mpira.

Wengi walimtazamia Ellen White aamue kuhusu Wagalatia. Alikataa. Kulikuwa na maandishi yake ya zamani juu ya jambo hilo yaliyopotea, naye alisema kwamba Mungu alikuwa na kusudi katika kupotea kwake: waende kwenye Biblia. Baadaye, katika miaka ya 1890 na mwaka 1900, aliandika kwamba Paulo anazungumzia torati zote mbili, na hasa sheria ya maadili. Pale Minneapolis kilichomuumiza zaidi ni roho waliyokuwa nayo ndugu: dhihaka, masengenyo vyumbani, kukataa hata kusikiliza.

Uriah Smith alikiri kosa lake mbele ya ndugu mwezi Januari 1891. Jones na Waggoner, ambao walisoma vizuri, baadaye wote wawili waliiacha kazi ya kanisa.

Tofautisha mambo mawili ya kikao kile, torati ya Wagalatia na pembe ya kumi. Lipi linagusa wokovu, na lipi ndugu wangeweza kuliacha bila kukubaliana? Katika mabishano ya kanisa lako, unalitambuaje la kwanza na la pili?

IJUMAA
Jifunze Zaidi: Soma Mithali 18:17, kisha Waebrania 9 yote, ukiwa na swali la Jumatano akilini. Kama unajua lugha zaidi ya moja, soma Wagalatia 3:19–25 katika Kiswahili na katika lugha ya nyumbani kwenu, na uandike mahali ambapo tafsiri hizo mbili zinatofautiana. Sehemu hizo ndizo za kuanzia mazungumzo Sabato asubuhi.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kundi lenu la Shule ya Sabato, ni nani ambaye husema mara chache? Vijana, wajane, wageni, wasiosoma vizuri? Mwalimu, wape hao nafasi ya kwanza kujibu swali la Jumatatu kuhusu meza.

2. Wachungaji waliotetea utumwa walikuwa na mafungu. Waliopinga walikuwa na mafungu. Kijana akikuambia kwamba basi Biblia inaweza kuthibitisha chochote, utamjibuje kwa kutumia Mwanzo 9 na 10 peke yake?

3. Taja fundisho ambalo umeogopa kulichunguza tena kwa kuhofia jinsi watu wa nje watakavyolitumia dhidi yetu. Kama Butler angekuwa jirani yako, ungemshauri nini mwaka 1888?

4. Kuna ndugu ambaye hamjasalimiana vizuri tangu mlipobishana juu ya fungu fulani. Kabla ya kwenda kwake na hoja mpya, jaribu kuieleza hoja yake kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angesema, "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini." Je, umeweza?